Taa Mpya ya Baba Kaltum

Baba Kaltum,

Chai iko kwenye birika, mihogo iko chini ya kawa. ~~Pikipiki usiiguse.~~ Pikipiki usiiwashe.

Nimekwenda kwa Mzee Zadock, muuza samaki. Mkewe alikuja alfajiri, wewe unakoroma. Jana usiku ukirudi kutoka Homa Bay, mzee aliona hiyo taa yako mpya ikimjia, akadhani ni lori lenye jicho moja. Akajitupa mtaroni na baiskeli yake. Ulipompita ndipo akasikia kuwa ni pikipiki yako. Mkono umevunjika. Na wewe, kwa mwanga wote huo, hukumwona!

Ile taa ya zamani ilikuwa kama koroboi, lakini njia nzima walikujua: "Huyo Noordin, hana haraka."

Ukishakunywa chai, legeza skurubu ya hiyo taa mpya uielekeze chini, imulike barabara, si macho ya watu. ~~Au rudisha ile ya zamani.~~ Kisha njoo umwombe mzee radhi. Kwa miguu.

Tena jana ulifoka kwamba nimechelewa kukufungulia. Niliona mwanga nisioujua umesimama mlangoni. Nilidhani ni polisi, wamekuja kuniambia umekufa.

Mama Kaltum