Dakika Kumi za Peasi

Jumatatu, 3 Novemba

Nimerudi kutoka shuleni saa kumi, nimefungua mlango mwenyewe. Hamna mtu. Na mlangoni tu — harufu ya peasi! Peasi lililoiva mpaka linateleza mkononi. Manukato ya Mama. Nimeita, "Mama?" Kisha nikaona aibu.

Ni miezi kumi na moja tangu atoke kupeleka gauni la mteja, asirudi. Kila nguo aliyomaliza alikuwa akiipulizia mara moja kwenye pindo. Alikuwa akisema nguo isitoke kwake ikinuka mafuta ya cherehani.

Chupa ya manukato ipo kwenye droo ya cherehani, imefunikwa na futi ya kupimia.

Jumanne, 4 Novemba

Nimemuuliza Shangazi, anayeishi nasi, kama ameitumia ile chupa. Amecheka mpaka akakohoa. "Mimi, mtu mzima, ninukie kama bakuli la matunda!" Eti nina pua ya mbwa wa polisi.

Wakati wa kula, Baba katangaza: tunahama Jumamosi. Nyumba ni kubwa mno kwetu. Nikauliza, Mama akirudi atatukuta wapi? Baba akatazama sahani. Shangazi akaniambia, "Kula, mwanangu."

Nimechora mstari wa kalamu kwenye chupa, usawa wa pale manukato yalipofikia.

Jumatano, 5 Novemba

Mwalimu wa kemia ameeleza vizuri sana. Katika manukato, vitu vyepesi huruka hewani kwanza, vizito hubaki. Nyumbani nikapulizia kitambaa, nikahesabu muda kwa saa. Peasi na pichi: dakika kumi, basi. Halafu asmini na waridi, hadi jioni. Mwisho kabisa kitu kama mbao kavu — harufu ya shingo ya Mama akiinama kutunga uzi.

Nimechora mstari mpya. Nimeelewa pia jambo jingine. Ukisikia peasi, aliyejipulizia ametoka hapo sasa hivi.

Alhamisi, 6 Novemba

Peasi tena. Manukato kwenye chupa bado yako pale pale kwenye mstari. Milango yote ilikuwa imefungwa.

Sikukimbia. Nilikaa sakafuni mpaka asmini ikafika.

Ijumaa, 7 Novemba

Tumefunga vitu. Cherehani Baba kaibeba peke yake, hakutaka msaada. Nikamuuliza, "Baba, husikii harufu?"

"Sisikii kitu."

Lakini dirisha la chumba cha kushonea alikuwa ameshalifungua, wazi kabisa, kabla sijauliza.

Chupa nimeizungushia soksi zangu za shule, nimeiweka chini kabisa ya begi.

Jumamosi, 8 Novemba

Saa nne na dakika tano. Begi liko kwenye pikapu, chupa ndani yake. Nimerudi chumba cha kushonea na chaki ya Mama. Nimeandika anwani yetu mpya ukutani, chini ya dirisha, mahali macho yake yalipokuwa yakitua akishona. Mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Nilipomaliza herufi ya mwisho — peasi.

Chumba kitupu. Pini moja sakafuni. Dirisha bado wazi, upepo unaingia. Naandika hapa hapa, daftari magotini.

Saa nne na robo. Sasa ingekuwa asmini. Ni peasi.

Shangazi anaita nje: "We binti, umeota mizizi humo?" Dereva anapiga honi.

Saa nne na dakika ishirini na mbili. Peasi. Haipungui. Kama mtu anayepulizia, anangoja, anapulizia tena.

Baba kaja kunichukua, uso wa kugomba. Amefika kizingitini, akasimama. Kaitazama anwani. Kanitazama mimi. Kisha akapita pembeni pembeni, kama chumba kimejaa watu, akaenda dirishani.

Amelifunga.

Sasa amekaa sakafuni, bega lake kwenye bega langu. Honi tena. "Saa ngapi?" ananong'ona.

Saa nne na nusu, Baba. Bado ni peasi.