Tangazo Langu Lilisema Nahodha Yupo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Jumamosi ya wiki ijayo, siku ya kuondoka safari yangu, haijafika, na nakuomba usilitafute jina langu, maana hata kwenye bahasha sikuliandika kwa aibu niliyonayo.

Mimi ni fundi wa kushona matanga na maturubai, karakana yangu iko nyuma ya gati, huu ni mwaka wa ishirini na mbili, na katika miaka yote hiyo nimepanda mashua za watu nyingi tu kwenda kujaribu kazi yangu, lakini nikishapanda nakaa chini natazama juu, naangalia mshono umekaaje upepo ukijaa, usukani anashika mwenye mashua, na tukirudi mimi nimeona mshono peke yake, ukiniuliza tulipita wapi sijui. Watu wa mjini hawalijui hilo, wao wakiona mtu anashinda katikati ya matanga wanadhani na bahari anaijua, nami nimewaacha wadhani hivyo.

Mwezi uliopita mteja wangu wa siku nyingi, aliyehamia mji wa mbali, mwendo wa siku tano kwa tanga kufuata pwani, alinipigia simu akasema, "Fundi, ile mashua yangu naihitaji huku, humjui nahodha wa kuniletea?" na mke wangu alikuwa pale pembeni anakata nyuzi, sijui shetani gani alinipitia, nikasikia mdomo wangu unasema, "Nahodha wa nini? Nitaileta mwenyewe." Mke wangu akainua macho akanitazama kama alivyonitazama siku ya kwanza tulipojuana, na mshauri wangu, ni miaka mingapi sijatazamwa hivyo, kichwa kikavimba, nikaona siwezi tena kurudi nyuma.

Basi nikaandika tangazo nikalibandika mlangoni, nikalituma na kwenye kundi la watu wa gatini kwenye simu: "Wanatafutwa watu watatu wa kujitolea, safari ya siku tano kwa tanga. Chakula kipo. Uzoefu si lazima, nahodha mzoefu yupo." Watu wakanisifu kwa moyo wangu wa kuwakaribisha wasiojua, kumbe niliandika vile ili asije mtu anayejua.

Wakaja watatu. Wa kwanza shemeji yangu, kaka yake mke wangu, mwoka mikate, mtu wa vicheko, ukimpa habari mbaya anaipokea kwa utani. Wa pili mwalimu wa hesabu, alikuja na ramani ameshaipiga mistari kwa rula na masaa ameshayajumlisha. Wa tatu mama mmoja, mkunga mstaafu, na huyo nilipomwona anavyoingia mashuani, jinsi alivyoweka mguu bila kutazama chini, nikajua palepale kwamba huyu bahari anaijua. Hakujisifu, alisema tu kwamba baba yake alikuwa na mashua na wao watoto ndio walioiendesha.

Sasa kuna zoezi ambalo hufanywa kabla ya safari ndefu, mnatupa ndoo majini, mnajifanya ni mtu ameanguka, na nahodha anageuza mashua anairudia mpaka iokotwe. Mwalimu alikuwa amelisoma mahali, akaliulizia, sikuwa na pa kukimbilia. Shemeji akatupa ndoo yetu nyekundu yenye mfuniko, akapaza sauti, "Mtu majini!" huku anacheka, nami nikageuza usukani nikijitia najua. Mara ya kwanza tukapita mbali nayo. Mara ya pili mti wa tanga ukafyatuka upande wa pili nusura umng'oe mwalimu kichwa. Mara ya tatu ndoo hatukuiona kabisa. Na badala ya kusema sijui, mshauri, nikamfokea shemeji yangu kwamba ameitupa vibaya. Jamani, ndoo inatupwaje vibaya? Na yeye akaniomba radhi, mtu mzima, baba wa watoto wanne.

Yule mama alingoja tufike gatini na wenzake washuke, ndipo akaniambia polepole, "Baba, ile ndoo ingekuwa mmoja wetu." Nikamjibu, "Mama, upepo leo ulikuwa mbaya." Upepo wenyewe hata wa kukausha nguo haukuwa.

Kesho yake nikampigia mama simu nikamwambia kwamba mwenye mashua hataki watu waliopita miaka sitini. Akasema, "Haya baba, safari njema." Wale wengine nikawaambia mama amejitoa mwenyewe, goti linamsumbua. Yaani nimemwondoa mtu pekee anayejua, nikabaki na wawili wanaoniamini, naona haya hata kuyaandika haya.

Juzi tuko karakanani tunapanga vyakula kwenye masanduku, mama huyo akatokea mlangoni ameshika ile ndoo. Aliikuta ufukweni katika matembezi yake ya asubuhi, akaisugua ikatakata, akaifunga kamba mpya kwenye mpini. "Mtaihitaji," akasema. Shemeji kwa upendo wake akamkimbilia, "Pole mama, na hilo goti linaendeleaje?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama akanitazama, wala si kwa hasira, akalitazama goti lake, akasema, "Halijambo, mwanangu. La uzee hili, tunakwenda nalo." Akaaga akaondoka. Alinisitiri, mshauri, mtu niliyemzulia ugonjwa amenisitiri mbele ya watu niliowadanganya.

Na hayakuishia hapo, maana alipoondoka shemeji akanivuta pembeni akaniambia jambo ambalo hata dada yake hajui, kwamba yeye kuogelea hajui, hajawahi kujua, "lakini nikiwa na wewe, shemeji, sina wasiwasi." Nikamgonga begani nikacheka.

Jana nililitandaza tanga kubwa la ile mashua sakafuni nikashika mkasi, nikajiambia nikifumua mshono wa katikati safari itaahirishwa, nitasema limechakaa, nani atanibishia, fundi si ni mimi? Nikafumua kama shubiri moja hivi, mkono ukakataa, nikaacha. Mke wangu ameshawatangazia ndugu zake wote, mama mkwe akipiga simu anauliza, "Nahodha hajambo?" na mimi najibu hajambo. Nisaidie, nimalizie kufumua, au niende hivyohivyo nikitumaini hali ya hewa itakuwa nzuri? Nijibu gazetini Jumamosi hii tafadhali, usinipigie, simu yangu mke wangu huipokea, gazetini nitakuona tu maana kwetu ukurasa wako hausomwi na mtu mmoja, shemeji akishaipua mikate yake saa nne huwasomea wateja kwa sauti mpaka watu wanashika mbavu.

Ni mimi, fundi wa matanga, sina uso.

*

Fundi,

Nianze na pole, maana baadaye sitakuwa na nafasi. Mtu kutaka mkewe amtazame kama siku ya kwanza si dhambi, na wanaume wengi wamefanya upuuzi mkubwa kuliko wako kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Pole yangu imeishia hapo.

Unaniletea njia mbili nikuchagulie, nami sichagui hata moja. Miaka ishirini na miwili unashona ili watu wafike salama, leo ufumue kwa mkono wako ili usione haya? Mkono wako ulikataa kwa sababu una akili kukuzidi. Na hilo la kutumaini hali ya hewa nimelisoma mara mbili nikidhani ni miwani yangu. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Chombo kisicho na nahodha hata mmoja kitakwenda wapi, fundi? Una mtu asiyejua kuogelea, kakukabidhi roho yake huku anacheka, na wewe ndiye pekee unayejua kwamba akianguka utampita mbali, utampita tena, halafu hutamwona. Siku hiyo utamfokea nani kwamba ameanguka vibaya?

Aibu unayo, nimeiona, imejaa kurasa mbili. Lakini umeitumia vibaya. Umeitumia kujificha, na kila ulipojificha umemsukuma mtu mwingine mbele yako: shemeji akaomba radhi isiyo yake, mama wa watu akapewa goti bovu, sasa unataka na tanga nalo lisingiziwe uchakavu.

Huyo mama usimwogope. Ulishamtoa, ulishamdanganya, naye akakuletea ndoo na kamba juu. Hakukusitiri ili uendelee kudanganya, amekuachia nafasi uyaseme mwenyewe. Amezalisha watu maisha yake yote, anajua kuliko mimi na wewe kwamba mficha uchi hazai. Na aliposema mtaihitaji alimaanisha hivyohivyo: zoezi mlilishindwa, lirudieni.

Sasa sikiliza. Shemeji kwanza, kwa sababu roho inayochezewa ni yake. Mwambie mkitazamana: sijawahi kuendesha mashua, ndoo uliitupa sawasawa, goti la mama ni uongo wangu. Usianze na "unajua, shemeji", usilete habari za upepo. Akikufokea, nyamaza, hiyo ni zamu yake. Akijitoa, mshukuru. Mwalimu naye mwambie maneno hayohayo, usimpunguzie hata moja, yeye hesabu anazijua.

Kisha nenda kwa mama, nyumbani kwake, kwa miguu yako, si kwa simu. Omba radhi halafu ufunge mdomo. Usichanganye radhi na ombi la kusaidiwa kwa pumzi moja, maana hapo atajua umekuja kwa shida yako. Akikukaribisha ndani, akakupa kiti, ndipo umuulize kama atakubali kuwa nahodha, wewe ukae pale ulipozoea, chini ya tanga, utazame mshono. Akikubali, ndoo iokotwe mara kumi mfululizo kabla hamjaondoka, na shemeji asivue jaketi la kuokolea hata akiwa anakunywa chai. Akikataa, ana haki zote, na mashua haitoki. Mpigie mwenye mashua umwambie ulichopaswa kumwambia siku ile: "Sijui kuendesha, nitakutafutia nahodha." Ni maneno manne, hayajawahi kuvunja mtu shingo.

Mkeo mwambie leo, wewe, asiambiwe na kaka yake. Hatakutazama kama siku ya kwanza, nakuhakikishia. Pengine hatakutazama kabisa siku mbili tatu. Kula unachopewa na usinung'unike. Na mama mkwe akiuliza nahodha hajambo, mwambie nahodha hayupo ila fundi yupo.

Ile shubiri uliyofumua ishone leo, nyuzi mbili, kwa sababu kuna watu watalitegemea tanga hilo, uwe ndani au usiwe. Halafu bandua lile tangazo mlangoni, uandike jingine kwa mkono wako, ulitume na kwenye lile kundi walikokusifu: "Anatafutwa nahodha mzoefu. Fundi wa matanga yupo." Kila neno hapo litakuwa kweli.

Nimebakiza moja. Uliniomba nisilitafute jina lako, sikulitafuta. Lakini umeniandikia gazeti linalosomwa nyumbani kwako, ndani umeweka mikate, rula ya mwalimu, goti la mama na ndoo nyekundu, na ukanitajia mpaka saa ambayo shemeji yako hufungua ukurasa huu. Anayetaka siri yake ikae haandiki barua kama hiyo. Wewe ulitaka ajue, ila ulitaka nimwambie mimi, nawe uwe umekaa karakanani umeinamisha kichwa. Kazi hiyo siichukui.

Gazeti liko mitaani tangu saa kumi na mbili asubuhi, na mikate bado iko tanurini. Vaa viatu, fundi, uende ukamwambie kabla ya saa nne.