Nilichokiona Kwenye Darubini

Mwanaesha mke wangu,

Nakusalimu kwa mapenzi. Mombasa jua kali, na mahamri ya huku hayafikii yako.

Leo daktari wa Kizingo aliniinamisha kwenye darubini nizione mbegu zangu. Zi hai, ila zimeshikana vichwa kwa vichwa, haziendi. "Zina protini juu yake," akasema, "na mwili wako wazipiga vita ukidhani ni maradhi. Mkeo hana ila."

Miaka saba mama anakuita tasa, nami nimenyamaza.

Halua yako nimeshanunua. Bahasha pia zilikuwapo posta, lakini nimechagua kadi hii ya wazi, maana kadi huko Lamu husomwa dukani, kisha na mama, kabla ya kukufikia wewe. Wacha waisome.

Mola akuhifadhi.
Mumeo, Athumani