Mtani Wako Nilimfungia Geti

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini nikianza bila shikamoo mkono unagoma kuandika.

Kesho ni arobaini yako. Tunaisomea kwako Kisarawe, siyo huku Oysterbay kwangu. Shangazi Mwanahawa ndiye aliyeamua na wala hakuniuliza. Alisema tu, "Kwako tumeshapaona."

Nyumba yangu iko vilevile. Kuta nene za enzi za mkoloni, baraza refu, na ile miti mikubwa uliyokuwa ukiiangalia kwa uchu ukisema ingetoa mkaa wa kufa mtu. Kiti chako hatujakiondoa. Majirani bado hatujuani. Tunajuana kwenye kundi la simu, ambako watu wanalalamikia mbwa wa fulani na gari la fulani lililoziba njia. Siku uliyofariki waliandika "poleni sana", na mmoja akauliza magari ya msiba yataondoka lini. Na wewe, masikini, ulipokuwa unaugua kwangu ulikuwa unasimama getini na msuli wako, unamsalimia kila apitaye, hata wale wakimbiaji wa asubuhi walioziba masikio kwa muziki. Nilikuwa nakurudisha ndani, nakwambia jua kali. Muongo mimi. Nilikuwa naona aibu, ule msuli na zile salamu zako za kupaza sauti.

Ningekuwa nimeishia hapo, labda ningejisamehe. Lakini kuna Mzee Maganga.

Mnyamwezi wako huyo! Tangu nina akili zangu, akija kwetu kutoka Kibaha hapigi hodi. Anaanza kututukana akiwa bado njiani: "Wazaramo, mmelala mpaka saa hizi? Ngoma imewachosha?" Nawe unamjibu kutoka uani, unampigia kelele Mama afungie kuku, Mnyamwezi kafika. Mliapiana kwamba atakayetangulia, mwenziwe atakuja kumharibia msiba. Hata siku zile za mwisho, pumzi imekuwa ya kutafuta, uliniambia, "Maganga atakuja kuniaibisha. Mwacheni afanye." Ukacheka mpaka kikohozi kikakukamata. Mimi nikakuitikia, "Ndiyo, Baba."

Na kweli akaja.

Ilikuwa asubuhi, bado hatujakutoa nyumbani kukupeleka Kisarawe kuzikwa. Wakubwa wa kazini kwa mume wangu wamekaa barazani na suti zao, wananong'ona. Mara nikasikia getini: "Nifungulieni! Nasikia Mzaramo wangu kajisingizia kufa ili asiende shamba! Mwamsheni huyo mvivu!" Nikachungulia dirisha la jikoni. Kanzu kaigeuza ndani nje, shingoni kajivisha makopa ya muhogo kama shanga, anachechemea kama wewe, mguu uleule. Yaani alikuwa wewe, Baba. Wewe mtupu. Kwa mara ya kwanza tangu ukate roho nilitaka kucheka.

Mlinzi akaja mbio: "Mama, kuna mzee ana fujo, anasema ni mtu wa marehemu. Nimfungulie?" Bosi mmoja wa mume wangu alikuwa ameshageuza shingo kuangalia getini. Nami nikasema, "Simjui. Mwondoe."

Simjui! Mtu aliyenibeba mabegani mimi, aliyekuwa ananiita "mke wangu wa makamasi" mbele ya mkewe, na mkewe anacheka. Nikasikia makelele yamekatika ghafla. Hakubishana na mlinzi. Alipewa jibu langu akaondoka.

Tukakuzika vizuri, kwa adabu zote, na ilikuwa mbaya sana. Hakuna mtani aliyejilaza kaburini kukuzuia njia. Hakuna aliyekuiga unavyokula wala unavyokoroma. Watu walilia, wakatupa udongo, wakaondoka. Shangazi alinishika mkono tukiwa tunarudi, akaniambia kaka yake amezikwa kama mtu asiye na watu. Ananiambia hivyo mimi, niliyejaza magari barabara nzima.

Wiki iliyopita nilikwenda Kibaha kumwomba msamaha. Nilikwenda peke yangu, nimejitanda khanga, nimebeba sukari na kitenge cha mkewe. Mzee Maganga akatoka, akanivutia kiti, akakifuta vumbi. "Karibu, mama," akaniambia. "Pole sana kwa msiba. Mungu amrehemu mzee wetu."

Mama! Baba, aliniita mama. Hakuuliza tangu lini Wazaramo wanajua kuendesha gari. Hakusema sukari yenyewe ya wizi. Nilimpigia magoti, nikalia, nikasema yote, hata lile neno nililomwambia mlinzi. Akaniinua taratibu, akasema, "Yamekwisha, mama. Arobaini nitakuja. Nitakaa na wenzangu, nitaitikia dua, nitarudi zangu." Bora angenitia kofi. Mkewe alikuwa mlangoni, na yeye pia alinitazama kwa heshima, wakanisindikiza mpaka kwenye gari kama mgeni kutoka ofisini. Nilifika barabara kuu nikasimamisha gari pembeni, nikalia mpaka bodaboda mmoja akaja kugonga kioo kuuliza kama naumwa.

Nilipomsimulia Shangazi, alipiga makofi ya mshangao. "Ulikwenda kwa mtani na adabu? Basi ndiyo umemaliza kabisa."

Kwa hiyo kesho siendi na adabu. Wale wakubwa wa mume wangu nimewaalika mwenyewe, waje wakae mkekani Kisarawe waone. Mume wangu anasema nisijidhalilishe. Nimemwambia nilishajidhalilisha siku ile, ni kwamba tu hakuna aliyeniona. Mzee Maganga akitokeza njiani, nitatoka mbele ya watu wote nimpokee kwa matusi. Akininyamazia, nitamtukana tena. Akirudi Kibaha kimyakimya, nitamfuata nikamtukanie mlangoni kwake, majirani zake wasikie. Nakuahidi, Baba, sitamwacha mpaka anitukane na yeye.

La kuanzia nimeshalitunga: "We Mnyamwezi mpagazi, umetembea kutoka Kibaha kufuata pilau ya maiti, mzigo wako wa kichwani umemwachia nani?" Nimelijaribu mbele ya watoto, wakacheka, lakini wale wanacheka chochote.

Lala pema, Baba yangu. Sijui kama linachekesha. Wewe ndiye ungeniambia.

Mwanao,
Zuhura