Ngao ya Mkaguzi wa Mizani

Jumamosi, 7 Juni

Baba kacheza! Naandika tena nipate kuamini – Baba kacheza!

Tulikuwa sebuleni watatu kama kawaida: mimi mwendeshaji, Wifi mke wa kaka na panga zake mbili, Mpokezi wa kliniki yetu ya meno na mkuki wake. Wifi akapiga ukelele, "Mkate kichwa!" Mlango wa chumbani ukafunguka. Baba. Anauliza nani anauawa humu ndani.

Zimwi, Baba. Wa kwenye daftari.

Nilijua atarudi ndani. Tangu astaafu kazi yake ni kutazama dirisha na kuirekebisha saa ya ukutani ambayo haina kosa lolote. Akavuta kiti! Nikamweleza haraka haraka kabla hajabadili nia – mchezo nimeubuni mwenyewe, kila mtu ana mpiganaji wake na kadi yake, roho ishirini kila mmoja, unarusha dadu ya pande ishirini, mimi nawaendesha mazimwi. Mpiganaji anachagua njia moja: panga mbili, mkuki, au ngao inayomkinga mwenyewe. Roho zikiisha amekufa, na mwenyewe anaondoka mezani. Hakuna kurudi.

Akachagua ngao. Kwa nini? "Nyote mnashambulia. Nani anakinga?"

Nikampa sanamu niliyoifinyanga kazini kwa masalio ya plastiki ya ufizi. Ndiyo faida ya kutengeneza meno ya bandia, jeshi langu lote ni la rangi ya waridi. Baba akaigeuza geuza, akasema huyu askari ameiva kwa jua. Mpokezi alicheka hadi akapaliwa.

Jumapili, 8 Juni

Nimepitia kadi za jana. Wifi kaua mazimwi wanne. Mpokezi watatu. Baba – sifuri! Panga zinatoa roho nne kila moja, mkuki sita, ngao mbili. Mbili! Ni kama anampapasa zimwi.

Na Baba alipoinuka mwishoni alisema mchezo mzuri, ila yeye anajaza kiti tu.

Asipokuja Jumamosi ndiyo basi, namjua. Atarudi dirishani. Mwaka mwingine wa kumwona pale siuwezi.

Jumatano, 11 Juni

Nimechonga magego kutwa huku napiga hesabu pembeni ya karatasi ya oda. Daktari akauliza mbona gego la juu limeandikiwa "ngao, saba". Nikasema ni kipimo. Si uongo!

Basi ndiyo hivyo. Nimefuta mbili kwenye kadi ya Baba, nikaandika saba kwa mwandiko uleule. Simwambii mtu. Mwendeshaji ana haki ya kurekebisha mchezo wake, au siyo?

Jumamosi, 14 Juni

Sina mbavu! Mazimwi watano! Alipomwangusha wa tano Baba aliruka kutoka kitini – kwa magoti yaleyale anayoyalalamikia kila asubuhi – akapiga meza, sanamu zote zikalala chali. "Leta mwingine!" anasema. "Leta mwingine!"

Sasa Wifi si mjinga. Akaichungulia kadi ya Baba. Kumbe ngao ni saba? Na bado haipenyeki? Akatupa panga palepale, akachukua ngao. Mpokezi naye ngao! Tulikuwa kwenye pango jembamba. Ngao tatu zikabanana mlangoni, hakuna wa kupita, hakuna wa kuumia, na mazimwi wangu wanakuja kufa kwa foleni. Nusu saa nzima! Wifi alianza kuwaita kwa namba, kama mgonjwa anavyoitwa kwa daktari.

Nimecheka mpaka machozi. Lakini nimeuharibu. Miaka miwili nauhangaikia mchezo huu, nimeuharibu kwa kifutio.

Baba hakucheka na sisi. Aliiinua kadi yake kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa upande. Kisha akaomba nimwazime dadu.

Jumatatu, 16 Juni

Ko, ko, ko, sebuleni tangu asubuhi. Anarusha, anaandika, anarusha. Amefukua daftari lake la kazi. Miaka thelathini amezunguka masokoni akikagua mizani za watu. Wauza nyama wakimwona kwa mbali walikuwa wanajifuta jasho.

Leo nimejua walivyokuwa wakijisikia. Nimempa shikamoo, ameitika marahaba bila kuinua kichwa.

Alhamisi, 19 Juni

Nimepatikana!

Wakati wa chai ya asubuhi kaiweka kadi mbele yangu. Kauliza kwa upole – heri angegomba – nani kaigusa hapa. Mimi, Baba. Nilitaka ufurahi.

Akasema kazini aliwajua wa aina mbili. Wanaopunja, hao aliwakamata na kulala usingizi. Na wanaomwongezea mteja kwa huruma, hao walimchosha, maana unawakemea vipi? Lakini mizani mbovu ni mbovu. Mazimwi wale watano si wake, niwafute.

Nikaanza kulia kama mtoto. Nilijua nimempoteza. Akanisukumia daftari. Amerusha dadu mara mia tatu! Zote zimepangwa kwa safu. Dadu yangu ni nzima, amethibitisha na kutia sahihi. Kilichopinda ni kipimo changu: "Mwenye ngao unampima kwa aliowaua. Mpime kwa waliobaki hai."

Anataka ngao irudi mbili. Badala yake, mwenye ngao aruhusiwe kulidaka pigo la jirani yake. Dadu ya zimwi ikitoa chini ya kumi na mbili, ngao imehimili. Kumi na mbili kwenda juu, ngao imepasuka na pigo lote ni la mwenye ngao.

Nilibaki na kijiko hewani. Miaka miwili naitafuta sheria hii, na mwenye nayo analala chumba cha pili!

Ana masharti. Dadu zangu nirushe mbele ya watu, si nyuma ya kasha la viatu ninakozifichia. Na mpiganaji wake akifa, anaondoka mezani kama sheria inavyosema. Nisije nikamfufua kwa kumwonea huruma.

Nimekubali yote. Nimefika kazini naimba. Daktari ameuliza kama nimechumbiwa.

Jumamosi, 21 Juni, saa kumi na dakika ishirini alasiri

Naandika jikoni, mchezo unaendelea!

Sheria ya Baba ni tamu, tamu, tamu! Wifi karudi kwenye panga, Mpokezi kwenye mkuki, Baba katikati yao. Kila nikimlenga mtu: "Hilo langu." Mara sita! Hajaua hata mende, na Mpokezi anamwita Jemadari.

Sasa amebaki zimwi mkubwa wa mwisho. Wifi ana roho tatu. Baba mbili. Zimwi kamgeukia Wifi, na pigo lake ni roho tano, hakuna anayepona. Wifi akasema, Baba, usinikinge, acha nife, nitawapikia chai.

"Hilo langu."

Ikitoka kumi na mbili au zaidi, Baba anaondoka mezani. Nikarusha mbele ya wote, kama tulivyokubaliana. Dadu ikagonga bakuli la sukari, ikaruka, ikabiringika mpaka chini ya kabati la vyombo. Gizani kabisa.

Nikainama. "Usiguse!" Sauti ya Baba ya sokoni hiyo, sijaisikia tangu niko shule! Kila mtu arudi nyuma. Kaenda chumbani kuchukua tochi. Mimi mshtakiwa nimefukuzwa hadi jikoni. Wifi analinda kabati kwa ufagio. Mpokezi amefumba macho, midomo inacheza.

Baba karudi. Namwona kutoka hapa. Anapiga magoti, taratibu, goti moja, la pili. Analala kifudifudi sakafuni na shati lake jeupe! Tochi imewaka. Mabega yanatikisika. Anacheka? Sijui anaona nini.

Ananiita. "Mwanangu! Miwani yangu haifiki huku. Njoo uisome wewe. Namba utakayoitaja ndiyo tutakayoandika."

Mimi. Mimi niliyefuta mbili nikaandika saba.

Anaita tena. Naweka kalamu.