Hakuna Aliyefia Ndani ya Volvo

Iyula,
4 Februari 2024

Mke wangu mdogo Gwantwa,

Ugonile. Mimi mumeo sijambo kwa upande wa kichwa, meno na ulimi. Sehemu nyingine tutazungumza huko chini. Bibi yako, yaani mke mwenzio, anakusalimu, na anasema usijidai mjini, yeye bado ndiye mwenye funguo za stoo. Hofu yetu ni wewe hapo Tunduma katikati ya malori na madereva. Ukipata mchumba kwenye foleni ya mpakani, mwambie kabisa kuna mzee Iyula alishatangulia.

Naandika kwa sababu simu kwangu imekuwa mzinga wa nyuki. Naweka sikioni nasikia zzzz tu. Darasa langu ni la nne, vumilia mwandiko.

Shida ya kwanza: mkanda wa feni wa Volvo umeanza kulia kama mtoto wa mbwa. Vuka mpaka hapo Nakonde, upande wa Zambia, uwaulize wale Wabemba wauza vyuma vya zamani. Waambie Volvo mia mbili arobaini, ya mwaka themanini na sita, ya mgongo mrefu, usukani kushoto. Wakicheka waache wacheke. Magari yao ya mwaka huo yako wapi?

Gari hili nilinunua mwaka tisini na moja kwa Bwana Anders, yule Mswidi aliyetuchimbia visima. Miaka thelathini na tatu! Injini haijafunguliwa. Klachi nimebadilisha mara mbili, bushi sijui mara ngapi. Fundi wangu wa Mlowo amekufa, mwanawe karithi gereji na yeye ameshaota mvi, gari lipo tu. Siku ya kunikabidhi, Bwana Anders alipiga bodi kwa kiganja akasema kwa Kiswahili chake cha mawe, "Mzee, kwetu sisi tunajenga gari mtu asife ndani." Nikadhani ni maneno ya muuzaji.

Shida ya pili. Daktari wa Vwawa amenisikiliza kifua. Anasema moyo umechoka, umevimba kama andazi, nisihesabu sana mavuno ya kahawa ya mwaka huu. Nikamuuliza, "Nisihesabu kahawa au nisihesabu mwaka?" Hakucheka. Daktari asiyecheka ujue anajua.

Basi nimekaa nikafikiri. Wagonjwa wa hapa kijijini nimewabeba mimi miaka yote hiyo. Nikamkumbuka Clement, aliyeanguka kutoka paa la kanisa, kichwa kikafunguka. Njia nzima hadi Vwawa alinisimulia habari za mbuzi wake. Tulipomshusha, unyayo ukagusa saruji, akakata roho katikati ya neno. Mama yake Tumpale, jirani yetu, hivyo hivyo. Na wengine tisa. Nimehesabu kwa vidole, nikarudia. Hakuna hata mmoja aliyefia humo. Wote nje, hatua moja kutoka mlangoni.

Usiseme nimechanganyikiwa. Tuma mkanda.

Babu yako na mume wako wa kwanza


Tunduma,
11 Februari 2024

Mume wangu mwenye mvi,

Shikamoo, ingawa mke hamwamkii mumewe hivyo. Mimi mzima, kazi za forodha ndiyo hizo, mafaili juu ya mafaili. Mkanda nimeupata. Muuzaji hakucheka, alishangaa tu, akauliza kama unauza gari. Nimeupeleka kwa kondakta wa Coaster.

Babu, ya utani tuyaweke kando kidogo. Watu wamekata roho wakishushwa kwa sababu walikuwa mahututi, na kumshusha mtu mahututi ni kumtikisa. Hiyo siyo Volvo. Dawa ulizoandikiwa unakunywa? Bibi anasema umezificha ndani ya kibuyu cha mbegu. Kunywa dawa, mzee, mimi sijawa tayari kuwa mjane.

Mjukuu wako anayekupenda kuliko huyo bibi,
Gwantwa


Iyula,
3 Machi 2024

Mke wangu mdogo,

Ndaga, asante kwa mkanda. Umekaa vizuri, gari limenyamaza. Bibi yako mzima, isipokuwa hasemi na mimi tangu juma lililopita. Nitakueleza.

Wewe umesoma, unataka ushahidi. Nimekutafutia. Nilimchukua yule jogoo mwekundu, yule mchokozi aliyekuwa akikukimbiza ulipokuwa mdogo. Nikaingia naye garini, nikafunga vioo vyote, nikamchinja kwenye kiti cha nyuma juu ya gunia. Damu ilitoka kama kawaida. Kisha jogoo akasimama.

Gwantwa, akasimama. Shingo inaning'inia kwa ngozi, kichwa kimegeukia ubavuni, jicho moja linanitazama. Nikamwambia, "Umeshakufa, ndugu yangu, lala." Akapiga hatua mbili, akajikunyata kwenye kona ya kiti. Akakaa hapo siku tatu. Hawiki, hali, hanywi. Nikimfungulia kioo anageuza jicho, basi.

Siku ya nne bibi yako akafungua mlango kutafuta beseni lake. Jogoo akaruka chini. Alipogusa majani alianguka, na hapo hapo akawa mzoga, tena siyo mzoga wa siku hiyo. Mzoga wa siku tatu, funza tayari, harufu tayari. Bibi yako akatupa beseni akakimbilia kwa majirani.

Bibi yako aliona funza. Mimi niliona siku tatu.

Jumatano moyo ulinishika shambani, kwenye mibuni ya chini. Ulinibana nikaona mbele kweusi. Nilitambaa kwa magoti hadi garini, nikajivuta ndani, nikafunga mlango. Maumivu yakakatika kama redio iliyozimwa. Tangu hapo sijashuka. Kiti cha nyuma nimekilaza, nina blanketi, Biblia, daftari hili na kioo cha kunyolea. Gari liko pale pale kando ya stoo, linatazama barabara, nasalimiana na kila apitaye kama mkuu wa wilaya.

Kifo kikija kitanikuta nimefunga mkanda.

Mume wako, sasa mwenye ofisi
Babu


Tunduma,
17 Machi 2024

Babu,

Shikamoo. Bibi amenipigia analia hawezi kumaliza sentensi. Anasema uji anaokuletea unaumwaga dirishani. Nimeomba ruhusa kazini. Pasaka nitakuwa hapo. Nakuomba unikute umeketi barazani, kwenye kiti, kama mtu.

Gwantwa


Tunduma,
7 Aprili 2024

Babu yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, na naomba radhi kwa kuondoka bila kuaga. Nilimwambia bibi nawahi kazini. Nilidanganya, na wewe ulijua, maana ulinipungia mkono kupitia kioo huku unacheka.

Nilikuja nimepanga maneno yangu. Nilitaka kukugombeza kama mke. Ulinitania vizuri kama siku zote, ukaniuliza kama madereva wa Kikongo wanajua kupika, nikacheka. Kisha nikakushika mkono. Babu, ulikuwa baridi kama bomba la kisimani asubuhi. Nikajisemea, ni mvua. Nikasogea nikae karibu. Tulikaa humo vioo vimefungwa, mvua nje, na kioo cha upande wangu kikajaa mvuke mpaka sioni mibuni. Cha upande wako kilikuwa safi kabisa, kikavu, naona kila jani. Ulikuwa unaongea, unacheka, na kioo mbele ya mdomo wako hakikuingia ukungu hata kidogo.

Na wale nzi juu ya dashibodi. Bibi aliniambia wamo tangu mwezi wa pili. Nzi haishi muda wote huo, Babu. Wanatembea tu, hawaruki. Mmoja hana kichwa.

Nililia ndani ya Coaster mpaka kituo cha Mpemba. Mama mmoja akaniuliza, "Umefiwa, dada?" Nilishindwa kumjibu ndiyo, nikashindwa kumjibu hapana. Hilo ndilo linaloniuma. Ungekufa ningelia, nikazika, nikapika, nikarudi kazini. Sasa nimebeba nini?

Shuka, Babu. Nakuomba.

Mjukuu wako
Gwantwa


Iyula,
21 Aprili 2024

Mke wangu Gwantwa,

Salamu zako zimefika, na machozi nayo yamefika, karatasi ilikuwa na madoa. Bibi yako mzima. Siku hizi haji karibu. Anaweka maji juu ya boneti na kurudi nyuma, kama anayelisha mbwa asiyemjua.

Hujanidanganya, na mimi sitakudanganya. Njaa sina. Usingizi sina, nafumba macho kwa adabu tu. Chooni sijaenda tangu Jumatano ile ya shambani, jambo ambalo kwa mzee wa umri wangu ni muujiza wa kutangazwa kanisani. Ndevu haziongezeki. Kioo cha kunyolea nimekigeuza. Nzi na mimi tumezoeana.

Unaniuliza kwa nini sishuki. Nitakujibu mara moja, halafu usirudie. Naogopa. Nimewachekesha watu kwenye misiba miaka hamsini, nimemtania maiti usoni hadi wajane wakacheka, watu wakadhani huyu mzee haogopi. Ulikuwa uongo mtupu. Nilikuwa nacheka ili lile jeneza lisijue niko wapi. Na sasa naogopa mara mbili, maana nilimwona jogoo alipogusa majani. Nikishuka leo sitakuwa maiti wa leo. Bibi yako anifunue vipi? Nani ataniosha?

Kwa hiyo niache hapa. Sifaidi chochote, lakini nipo.

Babu


Tunduma,
5 Mei 2024

Babu,

Shikamoo. Sitakuomba tena. Mtu hasukumwi kwenda huko.

Lakini umeuliza nani atakuosha. Mimi. Vyovyote utakavyokuwa. Nimeshanunua sabuni na shuka jeupe, vimo kwenye sanduku langu chini ya kitanda. Nimeona uyajue hayo, ili hilo moja lisikusumbue.

Ni mimi,
mke wako mdogo


Iyula,
19 Mei 2024, Jumapili, baada ya kengele ya kwanza

Mke wangu mdogo,

Leo sina nafasi ya kukusalimu kama inavyopasa. Jua kwamba nimekusalimu.

Erica, yule binti mwenye cherehani nyumba ya tatu kutoka kwetu, amekuja mbio na mtoto wake Judith mgongoni. Ana miaka minne. Homa tangu Ijumaa, usiku kucha degedege, asubuhi hii macho yamegeuka. Magari yote yamekwenda Vwawa kwenye Pentekoste, bodaboda wamemwambia barabara ni tope, mtoto ataanguka. Akabaki na Volvo. Hakuuliza kitu. Alifungua mlango akamlaza pembeni yangu, na yeye akaingia.

Degedege likakatika saa ile ile. Redio imezimwa. Erica akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Mimi sikushukuru. Nilimgusa mtoto mkono, nikauona unaanza kupoa, na nzi mmoja akashuka kutoka dashibodi akaja kutembea shavuni kwake, na mtoto hakupepesa macho. Nikaelewa, Gwantwa. Akikaa humu na mimi bila dawa atakaa miaka. Hatakufa na hatapona. Atakuwa na miaka minne mpaka kutu ile bodi.

Kuendesha siwezi, miguu haisikii klachi. Nimemtuma bibi yako akamwite Ombeni, dereva wa trekta la ushirika. Alikuja, akaangalia dirishani, akarudi nyuma. Nikamwambia, "Ingia, washa, mtoto anaumwa." Akasema, "Mtoto nitampeleka. Maiti siendeshi." Nikamuuliza, "Maiti yuko wapi, bwana mdogo?" Akamwambia bibi yako kana kwamba mimi sipo: "Mama, huyo ashushwe, mimi nakwenda kuvaa viatu nirudi." Kaenda kuvaa.

Nimebishana naye kichwani toka ameondoka, na mara zote ananishinda.

Erica nimemwelekeza vizuri, amerudia maneno mara tatu. Wakifika hospitali wasimshushe mtoto. Daktari amfuate humo humo, dripu itundikwe kwenye ndoano ya koti juu ya dirisha, sindano achomwe humo humo, na asitolewe mpaka alie kwa sauti na kuomba chakula. Daktari atakataa. Erica amlilie. Yule asiyecheka labda ana huruma, sijui. Barua hii Ombeni ataiacha kwa kondakta.

Gari ni lako. Oili kila kilomita elfu tano, usimwamini fundi anayetaka kufungua injini. Na usiligeuze nyumba.

Bibi yako amekuja mpaka mlangoni, mara ya kwanza tangu Pasaka. Ametandika mkeka kwenye majani na kushika kanga yake tayari. Nimemwambia ageuke. Amekataa, anasema amenitazama miaka hamsini na mbili, ataniangalia na leo. Mkaidi, huyo mke mwenzio. Mwachie kilio kikubwa. Wewe lia kiasi cha mke mdogo, halafu lete hiyo sabuni.

Ombeni huyo anakuja, anatazama pembeni. Mtoto nimemsogeza katikati ya kiti.

Natanguliza mguu wa kushoto, ndio mbovu zaidi. Huo ukifa kwanza sina hasara.

Mumeo
Babu