Uso wa Baba Kwenye Ukuta wa Karakana

Nyumba za Reli,
Mlango wa Kumi na Nne.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Hujambo huko? Wifi yangu na watoto wazima? Sisi tunapumua, namshukuru Mungu. Baba yupo, ila miguu imemgomea. Meseji zangu unazisoma kisha unanyamaza kama maji mtungini, basi nimerudi kwenye karatasi.

Vijana wa mtaa na mchoraji mmoja wameupamba kwa michoro ukuta mrefu wa karakana ya reli, ule unaotazama barabara. Wamechora injini, mabehewa na wafanyakazi wa zamani, kila mmoja na kazi yake. Kamati yao iliomba familia zilete picha.

Mimi nilikuwa na moja tu: baba akiwa ndani ya koti la steshenimasta. Si unakumbuka kisa cha lile koti? Mpiga picha akifika stesheni, wazee wetu walilivaa kwa zamu, huyu anavua yule anaingiza mkono, maana hakuna aliyetaka kupeleka ukweni picha ya ovaroli la grisi. Nilimweleza mchoraji kwamba baba alikuwa mgonga magurudumu, miaka thelathini na moja akitembea kando ya treni na nyundo, akisikiliza chuma kilichopasuka. Akaniambia atachukua uso tu. Kumbe vile vifungo vya shaba vimemlevya. Akachora koti zima, na kofia juu.

Baba alipoona alicheka hadi akakohoa. "Nimepanda cheo bila barua," alisema. Furaha ile sijaiona tangu mama afariki.

Wiki haikuisha. Watoto wa steshenimasta wakaja juu: iweje sare ya baba yao avae mgonga nyundo? Kamati ikanywea. Uso wa baba ukafutwa, ukawekwa wa steshenimasta. Mikono hawakuigusa. Mpaka leo bosi yule ukutani ana kidole nusu, kile alichobanwa baba kazini, na yeye maishani mwake hakuinua kitu kizito kuliko bendera.

Waliniachia nafasi mwisho wa ukuta, nilete picha ya baba na nyundo yake. Picha hiyo unayo wewe. Uliichomoa sebuleni siku uliyoondoka, ukasema utairudisha na fremu mpya. Nimekuomba mara tatu. "Nitaitafuta, dada." Fimbo ya mbali haiui nyoka, nalijua hilo, lakini picha mtu huituma hata kwa simu! Ijumaa mchoraji alichoka kusubiri, pale pakajazwa moshi wa injini.

Kamati imeniudhi, na wale watoto wameniudhi, lakini wewe ndiye uliyeniumiza.

Tangu wamfute, baba hatoki chumbani. Kila asubuhi ananiuliza, "Wameshanichora?" Namjibu rangi haijakauka.

Msalimie wifi, na watoto uwabusu. Shangazi anakusalimu. Fundi viatu jirani yetu naye anakusalimu. Bado anakusifu kila tukikutana, nami namwacha aendelee.

Picha usiitume tena, ukuta umejaa. Ila siku ukimpigia baba, atakuuliza. Mwambie dada amekutumia picha ya ukuta, umemwona na nyundo yake, na ametoka vizuri. Uongo huu nimeubeba peke yangu tangu Ijumaa. Shika na wewe upande mmoja.

Mungu akulinde huko uliko, akupe na kumbukumbu.

Wako akupendaye, leo kwa shida,
Dada yako